Mstari wa Maziwa

Siku ile nilitoka Isiolo asubuhi bila kujua ninakoenda. Nilijua tu mahali nisipotaka kuwa ifikapo saa nne: kwenye chumba cha kamati cha bunge la kaunti, ambako akina mama wauza maziwa ya ngamia walikuwa wakiningoja nitoe ushahidi. Nilikuwa na begi la mgongoni, mashati mawili na redio ndogo. Chumba changu nilikifunga kwa kufuli, ufunguo nikauacha juu ya kizingiti, pale ambapo mwenye ploti niliyopanga angeuona akija kunigongea. Mwenye ploti alikuwa mmoja wa akina mama hao. Kwa kweli ndiye aliyekuwa kiongozi wao.

Nilizunguka nyuma ya soko la mifugo ili nisipite pale wanapopokea mitungi. Karibu na barabara ya kwenda Garbatulla kulikuwa na lori tupu, dereva akigonga magurudumu kwa kipande cha chuma, akisikiliza kila moja.

"Unaenda wapi?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Unakoenda."

"Mimi naenda Kinna, kubeba vitunguu."

"Basi na mimi naenda Kinna."

Aliniangalia, akaangalia begi. "Umeua mtu?"

"Hapana."

"Haya, panda. Lakini wewe ndio utafungua na kufunga mlango wa nyuma."

Sasa niseme kwa nini nilipanda.

Niliacha shule darasa la saba. Hakuna aliyenifukuza. Niliondoka siku moja kumsaidia mtu kupeleka kabeji Isiolo, nikaona nchi ni kubwa kuliko ubao wa darasani, sikurudi. Nimefanya kazi nyingi ndogo katika miji mingi, na sehemu zote nimekuwa na ugonjwa mmoja: kusoma. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa nyama, maagizo ya dawa za mifugo, matangazo ya zabuni yaliyobandikwa milangoni. Kiingereza changu nilikijenga kwa karatasi za namna hiyo, neno moja moja, nikiuliza watu mpaka wanichoke. Niliporudi Isiolo nikiwa mtu mzima, ugatuzi ulikuwa umeshaleta kaunti, na kaunti imeleta karatasi nyingi kuliko nilizowahi kuona. Nilikaa miaka miwili. Kwangu hiyo ni mingi.

Mwenye ploti wangu alikuwa mama Mborana, mjane, mwenye umri wa mama yangu. Maziwa yake yalitoka maboma ya mbali, yanafika mjini asubuhi, na lazima yawe kwenye basi la Nairobi kabla ya adhuhuri, la sivyo yanachacha. Akina mama wale wengi hawakusoma, kwa hiyo kila mmoja alifunga kitambaa cha rangi yake kwenye shingo ya mtungi. Chake kilikuwa cha zambarau. Kwa kichwa alijua ni lita ngapi, za boma gani, na ngamia yupi amekula mti uliobadilisha ladha. Herufi tu ndizo zilimshinda. Wiki ya kwanza aliniletea simu yake nimsomee ujumbe wa mnunuzi. Tangu hapo nikawa macho yake. Barua ya benki, risiti, tangazo la afya, kila kitu aliniletea, na kila asubuhi nilikuta kikombe cha chai mlangoni kwangu, kimefunikwa kwa kisosi. Hakuwahi kunitoza chai ile, wala mimi sikuwahi kumtoza kusoma.

Asubuhi zangu nilizimalizia kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa mtu wa Mkoa wa Kati, Mkristo, aliyekaa Isiolo miaka ishirini. Alinunua gazeti, nami nikalisoma kwa sauti huku watu wamekaa juu ya mifuko ya saruji. Nchi nzima wakati huo ilikuwa ikibishana jambo moja. Upande wa serikali ulisema uchumi umelala, tuuamshe kwa kuwapa vijana kazi za umma. Upande mwingine ulisema punguzeni kodi, wafanyabiashara wataandika vijana kazi wenyewe. Pale barazani ungejua mtu yuko upande gani kwa rangi ya kofia yake.

"Serikali haiundi kazi," mwenye duka alisema siku moja, akipima misumari. "Inachukua mia kwangu, inakula themanini, ishirini inampa kijana afyeke miti ya miiba ya mathenge. Na mathenge yenyewe mvua ikinyesha inaota tena."

Mwakilishi wetu wa wadi alikuwa amesimama hapo, mkono kwenye mlango wa gari lake. Sote tulimwita mheshimiwa. "Na hiyo mia ungebaki nayo, ungeifanyia nini?" alimuuliza. "Ungeandika nani? Miaka ishirini uko hapa, umeandika mtu mmoja, na ni shemeji yako."

Watu waliangua kicheko. Mwenye duka pia alicheka. "Shemeji si mwananchi?"

"Ni mwananchi. Lakini huyo angekula kwako hata bila kazi."

Kisha mheshimiwa akatueleza hesabu yake. Kijana akilipwa Ijumaa, Jumamosi amenunua unga dukani na maziwa kwa mama. Mama naye anatengeneza paa, ananunua mabati. Pesa ya serikali, alisema, ni kama kumwagia maji mche mmoja katika shamba la mteremko, yote yatafika chini. "Tatizo ni kwamba nyinyi wa duka mnataka mkae juu ya mfereji peke yenu."

Ningependa kusema nilinunuliwa. Ingekuwa rahisi zaidi kuieleza. Lakini ukweli ni kwamba nilimwamini. Nilikuwa nimeona vijana wa Isiolo wamekaa juu ya pikipiki zisizo na abiria kutwa nzima, wakitafuna miraa ya mkopo, na mimi mwenyewe sikuwa mbali nao. Hoja ya mwenye duka ilikuwa na akili, ila ilikuwa akili ya mtu aliyeshiba. Hii ya mheshimiwa iliniingia kifuani.

Mpango wa kazi ulihitaji fedha, na kaunti ilitaka kuzipata kwa kupandisha ushuru. Mswada ukaandikwa. Sheria inasema wananchi lazima wasikilizwe kwanza, hivyo kikao cha maoni kikatangazwa. Jioni ya kuamkia kikao, mheshimiwa alikuja ploti na nakala ya mswada.

"Kesho utawasomea watu kwa Kiswahili," alisema. "Maafisa wakisoma Kiingereza chao, watu watalala. Wewe wanakuamini."

Nilianza kupekua palepale. Mbuzi, ng'ombe, ngamia, vibanda, mkaa, miraa. Karibu na mwisho wa jedwali kulikuwa na mstari mmoja mfupi: maziwa, kwa kila mtungi, kila siku ya soko au ya kusafirisha.

"Hii ya maziwa ni mpya," nilisema.

"Naijua. Hiyo ruka."

"Niruke?"

"Ukiisoma, wale mama watapiga kelele, mswada utakwama, na vijana hawatapata kazi. Tutaitoa kwenye kamati. Mimi mwenyewe nitaitoa." Aliweka mkono begani mwangu. "Na tunatafuta msimamizi wa kikundi cha vijana wa hapa. Mtu anayejua kuandika majina."

Ukumbi ulijaa. Akina mama wa maziwa walikaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya basi. Nilisimama mbele nikasoma. Sauti yangu niliipenda siku ile, sitaficha. Watu walinyamaza mpaka nikasikia feni. Mbuzi nilisoma, wafugaji wakaguna. Vibanda nilisoma, mwenye duka akasimama kupinga, wenye kofia za upande wake wakampigia makofi, wa upande wa pili wakamzomea. Mkaa, miraa. Halafu nikageuza ukurasa.

Mama yangu wa ploti akainua mkono. Hakuzoea kusema mbele ya watu. Alijifunika mtandio vizuri kwanza.

"Kijana wangu, na maziwa? Hakuna ya maziwa hapo?"

Kuruka mstari ni jambo moja. Ningeweza kujiambia nilichoka, nilisahau, herufi zilikuwa ndogo. Lakini aliniuliza. Aliniuliza akiniita kijana wake, mbele ya watu, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

"Sioni ya maziwa, mama," nilisema.

"Alhamdulillahi," alisema, akawageukia wenzake, akawatafsiria Kiborana. Walicheka kwa nafuu. Kikao cha maoni kina desturi yake: mwisho kila mtu anaandika jina na namba ya kitambulisho, asiyeandika anaweka kidole, ndipo anapewa soda. Wao walikuwa na haraka. Waliweka vidole kwanza, wakachukua soda zao, wakaenda kupakia maziwa kabla ya maoni kuanza.

Nilipewa fulana ya kung'aa na filimbi. Miezi mitatu tulifyeka mathenge na kuzibua mitaro. Nisidanganye tena hapa: ilisaidia. Niliona vijana wananunua viatu vya wadogo zao. Maziwa ya vikombe mjini yaliuzika, mama akaniambia mwenyewe, "Serikali yenu mwaka huu imetoa kitu." Mheshimiwa alinipita kwenye mtaro akapiga honi. Kila nilipotaka kumuuliza kuhusu kamati, nilikuta kuna jambo la kushughulikia kwanza: slasha ya kufyekea imevunjika, mtu hakuja. Sikuuliza.

Halafu pesa za mpango ziliisha. Tulirudisha slasha. Wiki chache baadaye kanjo, askari wa kaunti, walifika mahali pa kupokelea maziwa wakiwa na vitabu vya risiti. Kazi ilikuwa imeisha, ushuru ndio ulikuwa unaanza.

Sikuwepo, lakini mama alinisimulia jioni akiwa amesimama mlangoni, hataki kukaa. Alimwambia kanjo kwamba jambo hilo halikusomwa. Yule akafungua simu, akamwonyesha picha ya karatasi ya mahudhurio. "Mama, hiki si kidole chako?"

"Kidole ni changu," alimjibu. "Lakini kijana wangu alisoma yote, na nilimuuliza."

"Basi kijana wako alikudanganya."

"Huyo?" Akanisimulia hili akicheka kwa hasira. "Nilimwambia, huyo hawezi. Nyinyi ndio mliongeza baadaye, mkiwa ofisini." Kisha akaniangalia. "Waliongeza baadaye, siyo?"

Nilisema karatasi za serikali zina mambo mengi. Ndivyo nilivyosema.

Faida ya maziwa ni nyembamba. Mnunuzi wa Nairobi hapandishi bei, na mwenye ngamia hashushi. Ushuru wa kila mtungi ulikuwa umekaa hasa pale mahali pa pesa ya unga wa watoto. Lakini mama hakupunguza maziwa. Aliwaambia wenzake wavumilie mwezi mmoja, wapeleke ombi bungeni ushuru uondolewe kwa kuwa wananchi hawakusomewa. Shahidi wao nilikuwa mimi. Bila mimi walikuwa na vidole vyao tu, na vidole vilisema walikubali.

Mwenye duka ndiye aliyewaandikia ombi, kwa furaha isiyofichika. Nilipeleka majina ya akina mama dukani kwake, na watu walipopungua aliniinamia juu ya kaunta.

"Wewe uliuona ule mstari," alisema kwa sauti ya chini.

Nilianza kukunja ile karatasi ya majina.

"Mimi pia niliuona. Nilikuwa na nakala yangu. Nilinyamaza makusudi." Alichukua kitambaa akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Nilisema, acha wautoze, waone. Watu wakiumia ndipo watajua serikali hii ni ya namna gani. Kura haziko mbali."

"Basi sisi ni sawa."

"Hapana, ndugu yangu." Hakusema kwa ubaya. "Mimi sikuulizwa. Wewe uliulizwa."

Usiku huo mama aliniambia kesho saa nne. Alikuwa ameniazima koti la marehemu mumewe, limepigwa pasi. "Usiogope wakubwa," alisema. "Sema tu ulivyoona."

Ningesema nilivyoona, ushuru ungeweza kufa. Hilo nililijua vizuri. Kamati ikisikia kutoka kwa msomaji mwenyewe kwamba mstari ulifichwa na kwamba watu walijibiwa uongo, kikao kile kisingekuwa kikao tena. Lakini angekuwa amekaa nyuma yangu akisikiliza, na akitafsiria wenzake. Koti niliacha limetundikwa kwenye msumari.

Lori lilipofika mbali na mji tulikutana na gari la maziwa likija, mitungi ya manjano imefungwa pande zote kama matunda. Dereva wangu alisogea kando lipite, tukafunga vioo kwa sababu ya vumbi, na katika vumbi lile niliona vitambaa: cha kijani, chekundu, na vya zambarau, vingi. Nilitazama mbele. Dereva alikuwa akizungumza juu ya kodi ya mafuta. Yeye alikuwa wa upande wa upinzani. Alisema wakiingia wao mafuta yatashuka wiki ya kwanza, akaniuliza maoni yangu, nami, ambaye katika maisha yangu sijawahi kukosa maoni, nikasema sina.

Saa nne ilinikuta tumesimama tukibadilisha gurudumu. Najua kwa sababu redio yangu ilitoa habari. Nilishika spana mikononi nikangoja habari ziishe, kana kwamba mtangazaji angenitaja.

Kinna tulifika alasiri. Nilifungua mlango wa nyuma kama tulivyokubaliana, nikasaidia kupakia magunia mawili matatu, dereva akaniambia inatosha. Niliuliza watu kuhusu mahali pa kulala. Walinielekeza kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu vya mabati nyuma ya soko dogo. Nilimkuta akisafisha mitungi kwa moshi, ameielekeza midomo juu ya vijinga vinavyofuka, kama wanavyofanya ili maziwa yasiharibike upesi.

"Salaam aleikum, mama. Natafuta chumba."

"Aleikum salaam. Kiko kimoja. Utalipa asubuhi ukiondoka." Alinipima kwa macho. "Umekula?"

"Bado."

Aliniletea kikombe kikubwa cha maziwa, cha bati, kimejaa mpaka ukingo. Nilisema ni mengi. Alisema, "Kunywa, leo yako mengi." Nilikuwa nimefika nusu ya kikombe simu yake ilipolia. Alizungumza Kiborana, sauti ikipanda, kisha ikashuka. Kiborana changu ni cha sokoni, lakini neno Isiolo nililisikia, na maziwa, na nusu.

"Kuna nini, mama?"

"Wanunuzi wangu wa Isiolo. Kesho wanataka nusu tu." Alikaa juu ya kigoda. "Walikuwa wanavumilia huo ushuru, wakasema leo utaondolewa. Haukuondolewa. Kamati imewauliza, aliyewasomea yuko wapi? Hakuonekana. Wamengoja mpaka mchana, hakuonekana. Wakaambiwa basi vidole vyenu vinatosha." Alitupa kijinga kimoja pembeni. "Mtu gani huyo? Sasa nimwambie nini mwenye ngamia? Amwambie ngamia atoe nusu?"

Sikujua niweke wapi kikombe.

"Wewe si umetoka Isiolo leo?" aliniuliza. "Hukusikia habari hii?"

Njia nzima nilikuwa nimeogopa swali hili, na nilipoulizwa lilikuwa jepesi. Huyu hakuwa ameniletea chai. Hakuwa ameniita mtoto wake mbele ya watu. Kumwambia hakukunigharimu kitu, na nadhani ndiyo maana nikaweza.

"Ni mimi," nilisema.

"Wewe nini?"

"Msomaji. Ni mimi. Mstari ulikuwepo. Niliulizwa nikasema haupo. Na leo nilikuwa niende, sikuenda."

Mbuzi alipita katikati yetu, akanusa mtungi, akafukuzwa kwa mguu. Nilingoja aniambie niondoke, na kwa kweli ningependa aniambie. Huko nje barabara ilikuwa bado na mwanga.

"Na mwenyewe aliyekuuliza, umemwambia?"

"Bado."

"Umekuja kuniambia mimi." Alitingisha kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Kisha aliinuka, akachukua ufunguo uliofungwa kwa uzi kwenye nguzo, lakini hakunipa. Alinyoosha mkono mwingine, kiganja wazi.

"Basi wewe utalipa sasa hivi," alisema. "Si asubuhi."

Nilitoa pesa nikamwekea kiganjani. Alizihesabu, akanipa ufunguo, akanionyesha mlango wa kati. "Maliza maziwa yako," alisema. "Hayana pa kwenda."